Nyaatha: Maisha ya Mwenye Heri Irene Stefani



Kamati ya jubilei iliponiomba niandike kurasa chache juu ya maisha ya mtakatifu mmoja kwa ajili ya kijitabu hiki, wengi walidhani nitamwandika Mtakatifu Sesilia, msimamizi wa wanamuziki. Sesilia tunampenda, na tarehe 22 Novemba haitupiti. Lakini Roma ni mbali, na nyakati zake ni za kale mno. Nikaomba nimwandike mama mmoja aliyeishi ng'ambo tu ya huu Mlima Kenya tunaouona asubuhi mawingu yanapoondoka. Alikanyaga udongo mwekundu kama wetu, na mvua ya Aprili ilimnyeshea njiani kama inavyotunyeshea sisi tukitoka mazoezi. Kitabu chake cha ubatizo kiliandikwa Aurelia. Shirika lake lilimwita Sista Irene. Wagikuyu wakampa jina la tatu, Nyaatha, na ndilo lililobaki.

Tena nilikuwa na sababu ya pili. Katika miaka yote hii ya kwaya tumemtafuta Mungu zaidi siku ya Jumapili, tukiwa na sare, kinanda kikiwa tayari, sauti nne zikiwa zimepangwa. Jumatatu tunarudi kwenye majani chai, kwenye ng'ombe, dukani, darasani, kwenye matatu. Wengi wetu tukisema kweli, kuanzia Jumatatu hadi Ijumaa Mungu tunamwacha kanisani pamoja na vitabu vya nyimbo, tukafunga kabati. Nyaatha hakuwa na kabati la namna hiyo, na ndiyo maana nimemchagua.

Alizaliwa tarehe 22 Agosti 1891 katika kijiji cha Anfo, kando ya ziwa Idro, mkoa wa Brescia kaskazini mwa Italia. Wazazi wake, Giovanni na Annunziata, walijaliwa watoto 12, naye alikuwa wa tano. Ni nchi ya milima, na nadhani hilo lilimsaidia baadaye, kwa maana mtu aliyelelewa tambarare asingeyaweza mabonde ya Gikondi. Akiwa msichana mdogo wa miaka 13 hivi alikwisha kusema nyumbani kwamba anataka kwenda misheni. Mama yake akafariki mwaka 1907, na binti huyo wa miaka 16 akabaki na wadogo zake wa kulea, kuosha, kupikia na kufundisha sala. Wenzetu mlioachiwa wadogo na mzazi mnajua hiyo ni shule gani. Haina cheti wala sherehe ya kuhitimu.

Mwaka 1911 alikwenda Torino, akajiunga na Masista Wamisionari wa Consolata. Shirika lilikuwa changa kabisa, kwa kuwa Padre Giuseppe Allamano alikuwa amelianzisha tarehe 29 Januari 1910. Padre huyu, ambaye sasa ni Mtakatifu tangu tarehe 20 Oktoba 2024, hakuwahi kufika Afrika. Alikaa Torino na kuwafundisha wanawe jambo moja ambalo Irene alilishika kama mtoto anavyoshika nguo ya mama: kutenda mema, kuyatenda vizuri, na kutofanya kelele. Ufagio ushikwe vizuri. Kidonda kioshwe vizuri. Barua iandikwe vizuri, maana Mungu yumo humo ndani ya kazi, wala hangoji mpaka kazi iishe ndipo aje.

Aliweka nadhiri tarehe 29 Januari 1914. Mwisho wa mwaka huo akaanza safari, na mwisho wa Januari 1915 akashuka Mombasa.

Wakati huo Wamisionari wa Consolata walikuwa wamekwisha kukaa nchini miaka zaidi ya 12. Padri wa kwanza walifika Tuthu, Murang'a, kwa Chifu Karuri, mwezi Juni 1902. Upande wetu wa Meru walifika mwaka 1911. Nawakumbusha vijana, maana wengine hudhani majimbo yalishuka kutoka mbinguni yakiwa kamili: Meru ilitengwa na Nyeri mwaka 1926, ikawa jimbo mwaka 1953, na Embu ikazaliwa kutoka Meru mwaka 1986. Kwa hiyo Sista Irene alipofika, sisi wa Meru, sisi wa Embu na wao wa Nyeri tulikuwa shamba moja, bila mipaka.

Lakini hakupelekwa shuleni wala kwenye katekesimu. Vita ilikuwa imeanza.

Hapa itabidi nikae kidogo, kwa sababu ni habari ya babu zetu pia. Waingereza walikuwa wakipigana na Wajerumani wa Tanganyika, na katika nchi isiyo na barabara, yenye mbung'o wanaoua punda na ng'ombe, mizigo ya jeshi lazima ibebwe na watu. Ndipo ikaundwa ile Carrier Corps ambayo midomo yetu iliigeuza kuwa Kariakoo. Soko la Kariokor la Nairobi na Kariakoo ya Dar es Salaam zina jina hilo mpaka leo, na watu hununua vitambaa na nyanya pale bila kujua kwamba wamesimama juu ya jina la msiba. Wanaume walichukuliwa Ukambani, Ugikuyuni, Nyanza, na huku kwetu Embu na Meru pia, hasa katika ule mkusanyo mkubwa wa mwaka 1917. Walibeba risasi na unga hadi kusini ya Tanganyika. Hesabu ya Serikali yenyewe ya waliokufa ilipita 40,000, na risasi ziliua wachache. Waliobaki waliuawa na kuhara damu, malaria, homa ya mapafu, vidonda na njaa. Katika koo nyingi za huku yupo babu wa babu ambaye habari zake zinaishia hapo: alikwenda Kariakoo, hakurudi. Kaburi halipo.

Masista wa Consolata waliombwa kuwauguza wapagazi hao, na Irene alikuwa mmoja wao. Alianzia Voi, kisha akavuka na jeshi hadi Kilwa Kivinje, Lindi na Dar es Salaam. Zilizoitwa hospitali zilikuwa mabanda ya wagonjwa waliolala wamebanana, mamia kwa mamia, dawa haba, harufu isiyosemeka. Watu wa makabila mengi, kila mmoja analia kwa lugha ya mama yake. Sista huyo mwenye umri wa miaka 25 aliosha vidonda, alibadilisha vitambaa, aliwalisha kwa kijiko wasioweza kuinua mkono. Jioni wengine walipopumzika, alirudi tena kupita kati ya vitanda.

Wapo watakaouliza alisali saa ngapi. Kwa kawaida mtu wa kazi kama hiyo husema nitasali kazi ikipungua. Yeye alikuwa na kijidaftari cha maazimio yake, na ukiyafuatilia unaona kwamba hakutenga sala upande mmoja na kidonda upande mwingine. Mgonjwa aliyekuwa mbele yake alikuwa Kristu mwenyewe, si kwa mfano wala kwa mapambo ya maneno, na kwa hiyo kuosha mguu unaooza ilikuwa kumgusa Bwana. Alizoea kusema na Yesu moyoni kabla ya kuanza jambo, katikati ya jambo, na baada yake. Tasbihi ilikuwa mkononi kila mkono ulipokuwa huru. Mkono ukishikwa na kazi, kazi ilichukua nafasi ya tasbihi.

Huko Kilwa lilitokea jambo ambalo kila anayemsimulia Nyaatha hulisimulia. Kulikuwa na mgonjwa aliyekuwa akimfundisha habari za Mungu, aliyekubali kubatizwa. Jioni moja aliporudi alikuta nafasi yake tupu. Akaambiwa amekufa, na maiti imepelekwa pwani. Wakati ule wafu walikuwa wengi kupita makaburi. Walirundikwa ufukoni. Sista akatoka kwenda pwani. Akaanza kuinua maiti moja baada ya nyingine, akitafuta uso anaoujua. Akampata. Bado alikuwa na pumzi. Akambatiza.

Nimewahi kusimulia hili mbele ya watoto wa Utoto Mtakatifu, na mmoja akaniuliza kama Sista hakuogopa. Nilimjibu harakaharaka kwamba watakatifu hawaogopi. Lilikuwa jibu baya, na ninalisahihisha hapa. Watakatifu huogopa. Lakini fikiria, ndugu mwimbaji: mtu anayekwenda gizani kutafuta pumzi moja katikati ya maiti hafanyi hivyo kwa sababu ya ujasiri wa ghafla. Kwa miezi mingi alikuwa amezoea kumtafuta Mungu mahali ambapo wengine wanaona uchafu tu. Usiku ule alifanya kile alichofanya kila siku, ila pwani.

Watu aliowabatiza katika miaka hiyo ya vita, wengi wao wakiwa saa ya kufa, inasemwa ni karibu 3,000. Siwezi kupiga hesabu ya babu wa huku kwetu waliokuwa miongoni mwao, lakini ninapokumbuka marehemu katika Misa ya Novemba, huwakumbuka na hao.

Vita ikaisha. Mwaka 1920 alipelekwa Gikondi, kule Mukurwe-ini, Nyeri, akakaa miaka 10 hadi kufa. Hii ndiyo sehemu ndefu ya utume wake, nayo haina tukio kubwa la kutangaza. Ni miaka 10 ya mambo madogo. Alifundisha shule. Alifundisha katekesimu. Alitembelea wagonjwa, mama waliojifungua, wazee waliobaki peke yao. Gikondi ni nchi ya matuta, ukishuka bonde unapanda lingine, na kati kuna mto wa kuvuka juu ya mawe au gogo. Huko Igoji na Chuka mnaelewa bila kuelezwa. Alitembea kutwa kwa viatu vizito vya kiume, na katika picha na masimulizi ya watu viatu hivyo havikosekani. Alitembea upesi, wakati mwingine kwa mbio, maana saa ya kengele ya shule ilikuwa haimngoji na mgonjwa naye hakungoja.

Kuna kazi yake moja ambayo naipenda kuliko zote. Vijana wa Gikondi walikuwa wameanza kwenda kutafuta kazi Nairobi, Mombasa na kwenye mashamba ya walowezi. Mama zao hawakujua kusoma wala kuandika. Mwana akiondoka ilikuwa kama amezama. Basi mama alikuja kwa Sista, akakaa chini, akasema aliyonayo moyoni: ng'ombe amezaa, baba yako anakohoa, mbona hutumi habari, uko na mke gani huko. Sista akaandika. Jibu lilipokuja akamwita mama huyo, au akaenda mwenyewe hadi nyumbani, akamsomea. Na katika barua hizo aliweka neno lake mwenyewe kwa kijana: asisahau sala, asisahau Misa, asimsahau mama. Hivyo Mombasa na Gikondi zikabaki zimefungwa kwa uzi wa karatasi. Leo tuna simu, kila mmoja na yake, na bado kuna mama katika parokia zetu ambao wana wana mjini na hawajui wako wapi.

Pia alilea wito wa wasichana. Shirika la masista Waafrika la Nyeri, Masista wa Maria Imakulata, lilikuwa limeanza mwaka 1918, na wasichana waliotaka kuingia walihitaji mtu wa kuwatia moyo na wa kuzungumza na baba zao wenye hasira. Mzigo huo pia aliuchukua.

Ndipo watu wakamwita Nyaatha. Kwa Kigikuyu *tha* ni huruma. Nyaatha ni mama wa huruma, yule ambaye huruma ndiyo ukoo wake. Jina la namna hii halipewi na askofu wala na kamati. Linatoka midomoni mwa watu wakiwa shambani, na likishatoka halirudi.

Tusidhani basi kwamba wote walimpenda. Miaka ya 1929 na 1930 ilikuwa na moto Ugikuyuni, na hata huku Embu. Ugomvi juu ya tohara ya wasichana uliwatenga watu na misheni nyingi, shule zikapoteza wanafunzi, na aliyekuwa rafiki jana akapita upande wa pili wa njia. Pale Gikondi kulikuwa na mwalimu mmoja aitwaye Ngare, ambaye alikuwa amemletea Sista maumivu si haba katika kazi yake ya shule. Katika kwaya, katika shule, katika jumuiya, hakuna kidonda kama cha mwenzako wa kazi. Mgeni akikutukana unasahau. Mwenzako wa sauti moja akikusema vibaya kwa kiongozi, unakaa nalo mwaka mzima, na Jumapili mnasimama bega kwa bega mnaimba Utukufu. Nimeyaona kwetu. Nimeyafanya pia.

Mwezi Septemba 1930 Irene alikwenda Nyeri kwa mafungo. Huko alikata shauri la kumtolea Mungu maisha yake kwa ajili ya misheni, na kwa kuwa alikuwa mtawa wa utii, hakujiamulia. Aliomba ruhusa kwa mkubwa wake. Kisha akarudi Gikondi kwenye ratiba yake: kengele, darasa, bonde, mgonjwa.

Mwezi uliofuata tauni ikaingia. Ngare akaugua. Ugonjwa huo ulijulikana kuwa wa kuambukiza na wa kuua upesi, na mtu mwenye tauni watu humkimbia, hata ndugu zake. Sista akaenda kwake. Akamhudumia, akakaa naye karibu, akasali naye, na Ngare akafa akiwa mikononi mwake. Kama kulikuwa na hesabu kati yao wawili, ililipwa mle ndani ya nyumba, bila shahidi wa kuandika muhtasari.

Baada ya siku chache naye akashikwa na homa. Tarehe 31 Oktoba 1930, mkesha wa Watakatifu Wote, Nyaatha alifariki akiwa na umri wa miaka 39. Watu wa Gikondi walisema kwamba hakuuawa na ugonjwa, aliuawa na upendo. Daktari angeandika vingine, lakini wao ndio waliomjua.

Miaka mingi ikapita. Kisha jina lake likasikika mahali ambapo hakuwahi kufika. Mwezi Januari 1989, wakati wa vita vya Msumbiji, wapiganaji waliizingira misheni ya Nipepe, jimbo la Lichinga. Makatekista waliokuwa kwenye mafunzo pamoja na familia zao na wanakijiji walikimbilia kanisani, zaidi ya watu 200, wakafungiwa humo siku kadhaa. Maji yaliyokuwamo yalikuwa yale ya chombo cha ubatizo tu, lita chache. Wakamwomba Sista Irene awaombee. Walikunywa watu wote, na maji hayakuisha. Mama mmoja akajifungua humo kanisani. Mtoto akaoshwa kwa maji hayohayo, akaitwa Irene.

Kanisa lilichunguza, na Papa Fransisko akaupokea muujiza huo. Tarehe 23 Mei 2015 huko Nyeri, kwenye viwanja vya Chuo Kikuu cha Dedan Kimathi, Irene Stefani alitangazwa Mwenye Heri, Misa ikiongozwa na Kardinali Polycarp Pengo wa Dar es Salaam kwa niaba ya Baba Mtakatifu. Alikuwapo pia Kardinali John Njue, mwana wa Embu na askofu wetu wa kwanza. Mabasi yalitoka kila pembe, ya kwetu pia. Waliokwenda wanakumbuka matope, baridi ya asubuhi, na kwaya nyingi mno kwa mahali pamoja. Wapo pia wanaokumbuka kwamba sauti ya pili ya kwaya moja ilichelewa kwa sababu dereva alipotea njia. Sitaitaja kwaya hiyo, wenyewe mnacheka sasa.

Sikukuu yake ni tarehe 31 Oktoba. Mwaka huu kamati imekubali kwamba jioni hiyo hatutafanya mazoezi. Tutagawanyika wawili wawili, tuwatembelee waimbaji wetu wa zamani ambao magoti yamewakataza kupanda ngazi za kanisa: wale wa sauti ya kwanza upande wa mto, wale wa besi upande wa soko. Mwenye viatu vizuri apewe njia ya bondeni.